UZI: Miezi 14 kwenye tovuti za ajira za bure, kaunta buku moja, na kilichonipa kazi mwishowe

BintiStoo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna mdogo wangu hapa mtaani Mbagala kamaliza diploma mwaka huu. Jana kaja kuniuliza, "Dada, nijisajili wapi nipate kazi?" Nikaanza kumweleza, nikashtukia saa nzima imekatika na chai imepoa. Nikaona bora niandike hapa mara moja, anayehitaji asome.

Mimi ni mtu wa ugavi. Nilikaa mtaani miezi 14. Sina mjomba wizarani wala shangazi benki. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, bando la usiku, na kaunta buku la chuo lililobaki na kurasa nyingi tupu. Kila ombi nililotuma niliandika humo: tarehe, nafasi gani, tangazo nimeliona wapi, nimetuma wapi, mwisho lini. Yalifika 63. Waliojibu 7, walioniita 4. Kazi moja, ndiyo hii niliyo nayo, stoo, huku viwandani Chang'ombe.

Juzi nimelifungua tena lile daftari. Maombi 30 ya mwanzo yote niliyatuma kwa staili moja: naona tangazo kwenye blogu, nakopi imeili, natupia CV, nalala. Hakuna hata mmoja aliyenijibu. Majibu yote 7 yametoka kwenye yale 33 ya baadaye, na kilichobadilika si CV. CV ilikuwa ileile.

Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuuliza: hili tangazo limezaliwa wapi?

Blogu za ajira tuzielewe. Ile si ofisi ya ajira. Ni kama ubao wa matangazo pale serikali ya mtaa, mtu kabandika karatasi aliyoiokota kwingine. Mwenye blogu anapata chake kwa watu kufungua ukurasa, wewe upate kazi usipate yeye kashakula. Simlaumu, ni biashara, na bila yeye nisingejua nafasi nyingi zipo. Lakini ndiyo maana tangazo moja utalikuta kwenye blogu kumi, kwenye tatu kati ya hizo tarehe ya mwisho imesogezwa, na kwenye moja imeili imekosewa herufi. Nina ombi namba 22 humu niliandika barua kwa moyo wote, nikatuma kwenye imeili iliyokosa herufi "a". Iliporudi nikadhani ni mtandao.

Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu. Nikiona tangazo, sitoi CV. Natafuta jina la kampuni, naingia tovuti yake yenyewe, naangalia kama tangazo lipo. Kama kampuni haina tovuti, natafuta ukurasa wao wa LinkedIn au Facebook, au napiga simu ya mezani nauliza kama kweli wanaajiri. Dakika kumi tu. Nikiliona kwao, naomba kwa njia wanayotaka wao, si ile ya kwenye blogu. Nisipoliona popote, naandika kwenye daftari "yatima" naendelea na mengine.

Hii kazi niliyo nayo ilikuwa hivyohivyo. Blogu imeandika mwisho tarehe 28. Kwenye tovuti ya kampuni mwisho ni tarehe 21, saa 10 jioni, na mimi nalisoma tarehe 21, saa 5 asubuhi. Wanapokea kwa mkono au kwa fomu ya tovuti. Fomu nikaijaza mara tatu ikagoma, faili langu la vyeti lilikuwa kubwa. Nikakimbia steshenari, nikatoa kopi, nikatia kwenye bahasha ya kaki, nikapanda daladala. Nimefika getini saa 9 na robo. Mlinzi kanipa kitabu, nikasaini, nikaona waliosaini juu yangu ni 11 tu. Kumi na moja, wakuu! Na mimi nimezoea kufikiria nashindana na nchi nzima.

Siku ya 9 wakanipigia. Usaili wenyewe hakuna "jieleze kwa kifupi". Nimepelekwa stoo, nikapewa kadi ya rafu ya sabuni. Kadi inasema katoni 148, nimehesabu rafuni 136. Wakaniambia tafuta 12 zimeenda wapi. Nikashuka nayo mstari kwa mstari, nikakuta mtu kapokea katoni 12 akaziandika mara mbili, mara ya kwanza kwa hati ya kupokelea mzigo, mara ya pili kwa ankara iliyofika siku mbili baadaye. Hazikuibwa, hazikuwahi kuwepo. Nikawaonyesha. Yule mama wa stoo akacheka akasema wa tano huyu ndiye kaona.

Nitaendelea chini kuhusu Ajira Portal na mambo ya hela. Karibuni.

---

Mjomba Hana

Hongera dada, ila tusidanganyane. Nchi hii bila koneksheni utatuma mpaka uzeeke. Hayo matangazo mengi mtu kashawekwa, wanatangaza kutimiza utaratibu. Mimi nimeacha kuomba, nauza viatu Karume, sijutii.

---

BintiStoo

Mkuu sikubishii, yapo hayo, na nadhani mawili kati ya manne niliyoitwa yalikuwa hivyo. Moja tuliingia watu sita, mmoja wetu anaitana na mhudumu kwa jina la utani. Lakini mimi sikuwa na koneksheni ya kusubiri. Ungekuwa na mjomba ungemtumia, mimi nilikuwa na bando. Na viatu vya Karume vinalipa, usiniambie.

---

Mzee wa Faili

Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka kumi na kidogo, sekta binafsi, niwape picha ya upande wa pili wa meza.

Tukitangaza nafasi ya karani kwenye tovuti ya bure Jumatatu, mpaka Jumatano sanduku la imeili limejaa. Nafasi moja niliwahi kuhesabu maombi 400 na ushee. Mimi na kijana mmoja ndio wa kuyasoma. Hatusomi yote, tusiongopeane. Tunapita mara ya kwanza kutoa yale ambayo mtu hakufuata maelekezo. Tumesema andika jina la nafasi kwenye kichwa cha imeili, mtu kaacha kichwa kitupu. Tumesema PDF moja, mtu kaleta picha 9 za simu, cheti kimepigwa juu ya kitanda, shuka la maua linaonekana. Barua inaomba "nafasi katika benki yenu tukufu" na sisi tunauza pampu za maji. Hapo tayari zaidi ya nusu zimeondoka, na wala hatujafika kwenye sifa.

Faili liitwe jina lako na nafasi. Siyo "CV mpya kabisa 2 ya mwisho". Nikilipakua linakaa na mengine 300, nitakupataje?

Na dada mwenye uzi kagusa jambo: wanaofuata njia ya kampuni yenyewe ni wachache. Anayetuma kwa fomu yetu au kuleta bahasha tunajua kasoma tangazo mpaka chini.

Kuhusu mtu kuwekwa kabla: ipo. Sitatetea.

---

Kidawa wa Tanga

Naomba niseme yangu japo ni aibu. Mwaka jana nilijaza CV kwenye kundi la WhatsApp la ajira, bure kabisa. Baada ya siku nne nikapigiwa, kaka mwenye sauti ya ofisini kabisa, nyuma nasikia simu zinalia. "Hongera, umechaguliwa nafasi ya mapokezi, mshahara laki sita na nusu." Nikaruka. Akasema kuna 35,000 ya kitambulisho, fulana na semina ya siku moja, nitarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza. Nikaomba kwa mama. Wakati wa kutuma, kabla ya kuweka namba ya siri, simu ikanionyesha jina la mpokeaji: jina la mwanamke, na anayeongea na mimi ni mwanaume. Nikamuuliza, akasema ni mhasibu. Nikatuma.

Kesho yake namba haipo hewani, na kwenye kundi nimeondolewa.

---

BintiStoo

Pole sana mdogo wangu, wala si aibu. Wanajua kuchagua mtu aliyechoka. Huyo tapeli hakuwa mjinga, alijua kuweka simu zilie nyuma.

Ndipo nilipotaka kufika. Mwajiri ndiye anayekulipa wewe. Fomu, kitambulisho, fulana, vipimo vya afya, "kufungua faili", jina lolote watakaloiita hiyo hela, ukishaombwa hela kabla hujaanza kazi, hapo hakuna kazi. Hata Shirika la Kazi Duniani, mkataba wao namba 181 wa mwaka 1997, unakataza wakala wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Na jina la mpokeaji linapotokea kwenye simu, hapo ndipo pa kusimama. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka 15040, ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano. Hela hairudi kwa hilo, ila namba inafuatiliwa.

---

Chapa Ng'ombe

Mimi dalili yangu ni imeili. Kampuni inayotumia Gmail naipita.

---

Mzee wa Faili

Hapo utajinyima mkuu. Wenye viwanda vidogo, mashule, gereji kubwa, maduka ya jumla, wengi wanatumia Gmail na wanalipa mshahara kila mwezi bila kukosa. Gmail peke yake haihukumu mtu. Geuza swali: wanajiita kampuni kubwa yenye tovuti yake, halafu imeili ya ajira ni Gmail? Hapo ndiyo ujiulize. Wakijiita serikali, anwani lazima iishie .go.tz, hiyo hajisajilii mtu tu.

---

Mkaazi wa Likoni

Hamjambo majirani. Huku Kenya mambo ni yayo kwa yayo. Tovuti za ajira kama BrighterMonday na Fuzu ziko huku kwetu pia, na kwa serikali kuna tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma, halafu gazeti la MyGov la kila Jumanne laleta nafasi za mashirika na kaunti. Yote bure.

Lakini niongeze onyo kwa vijana wa Pwani, maana hapa Likoni nimeona familia zalia. Tangazo la "kazi ya kompyuta Thailand, tikiti tunakulipia" kwenye Facebook. Hakuna ada, hakuna fulana, chakula juu yao. Kwa hivyo ile kanuni ya dada ya kuombwa pesa haishiki hapo. Mtu akifika Bangkok avushwa mpaka Myanmar, aketishwa mbele ya kompyuta atapeli watu wa ng'ambo mchana na usiku, pasipoti imechukuliwa. Serikali yetu ilianza kuwatoa Wakenya huko tangu 2022, na mwanzo wa 2025 wengine wakatoka kupitia Mae Sot, mji wa mpakani upande wa Thailand. Kazi ya nje, kabla hujafunga begi, angalia kama huyo wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo, usipande ndege hata kama tikiti ni ya bure.

---

BintiStoo

Asante sana ndugu wa Likoni. Umenirekebisha, na nimekubali. Kuombwa hela ni dalili, lakini kutokuombwa si cheti.

---

Nyegezi Kona

Dada uliahidi Ajira Portal. Mimi nimejisajili miezi mitatu iliyopita sijaona kitu.

---

BintiStoo

Samahani, nilikuwa zamu. Haya.

Ajira Portal ni tofauti na vyote tulivyosema. Hapo si ubao, ndipo mlangoni penyewe. Ni ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, portal.ajira.go.tz, bure. Unajisajili kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Kujisajili si kuomba, wengi wanakwama hapo: wanajaza, wanasubiri waitwe. Hakuna anayekuita. Lazima uingie, utafute nafasi inayolingana na fani yako, uiombe hiyo nafasi, tena kwa barua iliyosainiwa, imeelekezwa kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma. Nimeona watu wanaweka barua waliyoandika kwa nafasi ya mwaka juzi.

Soma masharti ya jumla, yale marefu yanayorukwa. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Vyeti viwe vyenyewe. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda, "testimonials", hawapokei. Umesoma nje, vyeti vipitie kwanza TCU (ya vyuo vikuu), NECTA (baraza la mitihani) au NACTVET (ya vyuo vya ufundi). Kopi zithibitishwe na wakili. Hakuna kipya hapo, kimeandikwa kwenye kila tangazo, na kila mara kuna mtu anaachwa kwa hilo.

Ukiitwa, jina linatoka kwenye orodha ya PDF kwenye tovuti yao na ndani ya akaunti yako. Usitegemee simu. Mtu akikupigia kwamba ni "afisa wa Sekretarieti" na jina lako linahitaji "kusukumwa", kata. Na jiandae: chakula, nauli na malazi ya usaili ni juu yako. Mimi niliitwa mara moja, nikafanya mchujo wa kuandika, sikupita. Nilikosa kwa haki, maswali ya sheria ya manunuzi nilikuwa nimeyasahau.

---

Nyegezi Kona

Loh. Mimi ndiye huyo wa kujisajili na kusubiri. Naingia sasa hivi.

---

Mchanga wa Jambiani

Assalaam aleikum. Kwa Wazanzibari, sisi mambo yetu ya serikali yako mbali na hayo, kuna mfumo wa ZanAjira. Msijaze kule mkangojea huku. Na kazi za mahoteli za Paje, Nungwi, Jambiani, mimi nawaambia wazi, nyingi hazifiki kwenye tovuti. Zinapita kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi, mpishi anamwambia mpishi. Msimu ukikaribia, chukua barua zako, pita mlango kwa mlango asubuhi kabla wageni hawajaamka vizuri. Mimi kazi yangu ya mapokezi nimeipata hivyo, intaneti nilitumia kuangalia mkataba tu.

---

Mjomba Hana

Haya haya, nimesema mimi. Koneksheni!

---

Mchanga wa Jambiani

Si koneksheni mjomba, ni miguu.

---

Nyegezi Kona

Wiki tano baadaye narudi. Wakuu, NIMEITWA. Fundi sanifu maabara, usaili Dodoma baada ya wiki mbili na nusu. Jina langu nimelisoma kwenye PDF mara kumi.

Ila nina tatizo. Vyeti vyote vya shule ni Jumanne. NIDA ni Juma. Yule aliyekuwa ananiandikisha pale serikali ya mtaa aliniuliza "unaitwa nani", bibi akajibu kabla yangu, na bibi huniita Juma. Sikulifikiria mpaka leo. Tangazo linasema majina yakitofautiana ulete deed poll iliyosajiliwa. Nimekwisha?

---

Mzee wa Faili

Hujaisha. Nenda kwa wakili KESHO, si wiki ijayo. Atakuandikia hiyo hati kwamba Juma na Jumanne ni mtu mmoja, halafu isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Watu wanaishia kwenye kiapo cha wakili cha karatasi moja, wanafika mlangoni wanaambiwa hakitoshi. Neno lenye uzito hapo ni "iliyosajiliwa". Chukua na cheti cha kuzaliwa.

Na wote mnaosoma: chukueni vyeti vyenu na kitambulisho cha NIDA, viwekeni mezani pamoja, someni majina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed. Ester na Esther. Nimeona mtu bora wa siku ile anarudishwa kwa "h" moja.

---

Kidawa wa Tanga

Nimetoka kuangalia yangu sasa hivi. Kidawa na Khidawa. Yesu na Maria.

---

BintiStoo

Kidawa, mfuate Jumanne kwa wakili huyohuyo mpewe bei ya jumla.

---

Nyegezi Kona

Mrejesho. Hati imetoka juzi, nimetumia nguvu na nauli za kutosha kwenda na kurudi. Sasa hivi niko kwenye basi, tumeipita Manyoni, simu ina asilimia 19. Vyeti halisi viko kwenye bahasha, bahasha iko ndani ya shati, jirani yangu anadhani nimeficha hela. Mchujo wa kuandika ni kesho saa 1 asubuhi. Mwenye kujua chumba cha bei ya kawaida karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aniambie kabla chaji haijaisha.

---

Chapa Ng'ombe

Angalia PM mkuu, shemeji yangu ana gesti Ng'ong'ona. Usilipe mpaka ufike ukione chumba.